Kipande cha Tatu

Mapafu ya mashine ya Toleo la Pili yalikuwa yanafunga kwenye ukungu. Yalidhani ni maji. Mtu anatoka nje asubuhi ya Juni kule Makete, anavuta pumzi ya kwanza, kihisi kinasoma baridi na unyevu, kilango cha maji kinajifunga, na mtu anabaki amesimama mlangoni mdomo wazi mpaka mashine ikubali kwamba hajazama. Wakati mwingine inakubali baada ya dakika moja. Wakati mwingine haikubali.

Wenye Toleo la Pili waliokuwa wanaishi kwenye baridi ya namna hiyo walikuwa arobaini na mmoja. Msimu wa kabla walikuwa arobaini na wanne.

Mimi ndiye niliyekuwa naandika kadi zao.

Naitwa Maduhu. Niliishia darasa la saba, nikaingia shimoni kuchimba dhahabu, nikatoka na vumbi kifuani, nikawekewa Toleo la Tano. Hiyo ndiyo sifa iliyonipa kazi kwenye kiwanda cha mapafu Dodoma. Sheria inasema anayeandika foleni ya kazi za mapafu lazima na yeye awe anapumulia mapafu hayohayo, ili asifanye mzaha. Programu zenyewe siku hizi haandiki mtu. Unaandika kadi kwa Kiswahili cha kawaida: nani anaumia, wako wangapi, wanaumia vipi, kifanyike nini. Mashine inaandika programu kabla chai yako haijapoa. Kinachokawiza ni kupima. Kila badiliko lazima lipumuliwe siku kumi na mtu aliye hai, amekaa kwenye kiti chumba cha chini, nyaya kifuani. Viti vilikuwa kumi na viwili. Kwa hiyo kila mzunguko wa wiki mbili ziliingia kadi kumi na mbili. Foleni ilikuwa na kadi elfu tatu na mia tisa.

Kadi ipi iingie, hapangi mtu. Inapanga Mizani. Inasoma idadi ya wanaoumia, inasoma malalamiko yaliyoingia, inapiga hesabu, inazipanga. Mtu hawezi kuhonga Mizani. Ndivyo walivyotuambia siku ya kwanza, na ni kweli.

*

"Hii ya ukungu imerudi tena," alisema Tusekile.

Tusekile ndiye aliyekuwa anasimamia mizunguko. Mwanamke wa miaka thelathini na kitu, ana shahada mbili, ananiita mzee mbele za watu na Maduhu tukiwa wawili. Siku hiyo tulikuwa wawili, mbele ya skrini, mwisho wa Mei.

"Haijawahi kuondoka," nikamwambia.

"Inakula viti vitano, Maduhu. Kanuni ni kiti kimoja. Ikizidi sana viwili."

"Kazi yenyewe ni kubwa. Nifanyeje?"

"Ipasue. Kadi kubwa haiingii, inapasuliwa. Miaka minne uko hapa, bado nakufundisha kupasua kadi?"

Nilikaa nikaipasua. Niliipasua jinsi ninavyojua mimi, kama unavyoshusha injini. Kipande cha kwanza: kihisi kijue kwamba hii ni baridi. Cha pili: kijue tofauti ya ukungu na maji. Cha tatu: kilango kiache kufunga. Cha nne: mtu aingie kwenye pipa la maji na kwenye chumba cha ukungu, tuone. Cha tano: kupeleka yote kwa watu.

Tusekile akaangalia, akacheka kwa pua.

"Umechinja trekta. Kadi inakatwa kama muwa, bwana. Kila pingili ukiitafuna peke yake ina utamu wake. Sasa hiki kipande chako cha kwanza kinamsaidia nani?"

"Kikikaa na cha pili..."

"Peke yake."

"Hakuna."

"Basi Mizani nayo itasema hakuna."

Mizani ikasema. Tulibonyeza, tukasubiri, zikatoka namba tano pembeni mwa vipande vitano. Sifuri, sifuri, sifuri, mbili, sifuri. Kadi nzima ilikuwa na uzito wa themanini na sita ikashindwa kuingia kwa ukubwa. Vipande vyake vilikuwa vidogo vya kutosha, na havikuwa na uzito hata wa kupeperusha karatasi. Cha nne kilipata mbili kwa sababu pipa la maji lingetumika na kadi nyingine. Cha tatu kingewafaa wale arobaini na mmoja, ila kwa kipande kimoja Mizani inawahesabu wachache hivyo kama hakuna.

"Kata upya," alisema Tusekile.

Nilikata upya siku mbili. Kila nilivyokata, ama ilikuwa kubwa mno ama haikumfaa mtu. Ugonjwa ule ulikuwa hauna pingili.

"Na kadi nyekundu?" nikamuuliza. Kadi nyekundu inaruka foleni yote.

"Inataka kifo. Ndani ya siku thelathini, kimethibitishwa. Wale watatu walikufa mwaka jana, Maduhu. Wamechacha."

Alisema hivyohivyo, wamechacha, halafu akaona nilivyomtazama akainamisha macho. Hakuwa mtu mbaya. Ukikaa na foleni muda mrefu ulimi unaota sugu.

*

Tarehe mosi Juni alinipigia Lukelo Tweve. Lukelo nilichimba naye miaka kumi na moja, kamba moja, taa moja. Vumbi lilimwingia kabla yangu ndiyo maana akapata mapafu ya zamani. Alirudi kwao Makete kulima viazi.

"Msukuma," akasema, "ulishindwa kuchunga ng'ombe, sasa unachunga kadi?"

"Na wewe Mkinga wa wapi huna hata duka? Wenzako wote wako Kariakoo, wewe umebaki kwenye baridi unalinda mbatata."

"Mbatata haziombi mkopo." Akacheka. "Sikiliza. Ukungu umewahi. Jana kilango kimenikamata mara nne. Mke wangu ameanza kulala amenishika kifua, anasema akinisikia nimenyamaza atanipiga kofi nianze upya. Ile kadi yetu imefika wapi?"

"Iko kwenye foleni."

"Mwaka jana ilikuwa kwenye foleni."

"Nimeipasua, Lukelo. Ndivyo wanavyotaka, vipande vidogo."

"Sasa vipande ndiyo vime..."

Akakatika. Nilidhani ni mtandao. Halafu nikasikia jogoo wa kwake anawika nyuma, wazi kabisa, na kitu kama ndoo kinaanguka. Mtandao ulikuwa mzima.

"Lukelo."

Nikasikia mkewe, mama Tunu, anaita, anakimbia, mlango. Nikasikia viganja vinapiga mgongo. Mimi niko Dodoma, jua kali, feni juu ya kichwa. Nilianza kuhesabu kwa sababu hakukuwa na kitu kingine cha kufanya. Nilifika sabini na nne.

"Nimerudi," akasema Lukelo. Sauti ilikuwa kama ya mtu aliyeamshwa. "Tulikuwa tunasema nini?"

*

Kesho yake ilikuwa siku ya kufunga foleni ya mzunguko. Nilifungua kipande cha tatu, kile cha kilango kiache kufunga. Penye idadi ya wanaoumia palikuwa na arobaini na moja. Nikafuta, nikaandika elfu moja mia sita na kumi na mbili. Uzito ukaruka kutoka sifuri hadi mia na arobaini. Kikakaa nafasi ya nne.

Tusekile akaja na kikombe chake, akasimama nyuma yangu.

"Elfu moja mia sita?"

"Ndiyo wenye Toleo la Pili wote."

"Kadi inauliza wanaoumia."

"Najua inachouliza."

Akavuta kiti. Akazungusha kikombe.

"Kile kilango kiliwekwa kwa ajili ya nani, Maduhu?"

Nilijua. Kiliwekwa kwa ajili ya wachenjuaji, wale wanaosimama mtoni maji kiunoni na karai mkononi kutoka asubuhi mpaka jioni, na chini ya miguu yao kuna mashimo yaliyochimbwa na wenzao. Mtu anateleza, anaingia shimoni, kichwa kinazama. Mapafu ya kuzaliwa yakionja maji yanakohoa. Ya mashine hayajui kukohoa, yanavuta tu. Ndiyo maana wakaweka kilango. Kikifunga, mtu anakaa na hewa yake dakika tisa, anaelea, wenzake wanamtoa akitukana. Kati ya wale elfu moja mia sita, zaidi ya nusu walikuwa mtoni Chunya.

"Wiki mbili," nikamwambia. "Mzunguko huu kilango kinaacha kufunga. Mzunguko ujao tunaingiza cha kwanza na cha pili, kihisi kinapata akili, kilango tunakirudisha. Wiki mbili tu wako wazi."

"Kwa nini usiandike huo uongo kwenye vyote?"

"Uongo wa kadi moja unapita. Ukiandika kwenye tano wanakuja wakaguzi."

"Na wiki mbili akiteleza mtu?"

"Na wiki mbili akifa Lukelo?"

Mtu akikuuliza swali ukamjibu kwa swali, hujamjibu, na wote wawili tulijua. Arobaini na mmoja nilikuwa nawasikia kwenye simu wanakatika. Wale wa mtoni walikuwa hawajapiga simu.

Tusekile akasimama.

"Mimi nilikuja kuchukua chai," akasema. "Sijaona skrini."

*

Aliyekaa kwenye kiti namba nne alikuwa mama mmoja mnene, fundi wa kufuma, mwenye Toleo la Pili. Siku kumi alifuma fulana mbili na kofia. Alipumua vizuri mno. Hewa ya Dodoma ni kavu kama unga, hapakuwa na ukungu wala tone la maji karibu yake isipokuwa ya kunywa. Kipande cha kupima kwenye pipa kilikuwa kile cha nne, na cha nne hakikuingia. Mashine ikapiga muhuri: limefaulu.

Tarehe kumi na sita Juni, saa kumi na mbili asubuhi, badiliko likaenda kwa watu. Saa moja Lukelo alinipigia.

"Nipo katikati ya shamba," alikuwa anapaza sauti. "Ukungu sioni hata miguu yangu! Sikia." Akavuta pumzi, akaitoa. Akavuta nyingine. "Unasikia? Sikia, Msukuma mjinga wewe! Mama Tunu analia huku, sijui analilia nini."

Nilisikiliza pumzi za mtu mzima wa miaka hamsini na nne kama mtu anasikiliza mpira redioni. Sikumwambia kitu.

Ndani ya wiki hiyo malalamiko kutoka Makete yalishuka kutoka mia moja na kitu hadi sifuri.

*

Hapo ndipo sikufikiria. Miaka minne naandika kadi na sikufikiria.

Mwisho wa Juni tulikaa kufunga foleni. Nikaita kipande cha kwanza na cha pili. Mizani ikavipa sifuri. Hilo nililitegemea, nikafuta idadi, nikaandika elfu moja mia sita na kumi na mbili kama mwanzo. Ikatoa sifuri nukta nne.

"Imeharibika," nikasema.

Tusekile alivuta skrini akasoma. Alisoma muda mrefu.

"Haijaharibika. Inauliza, anaumia nani? Malalamiko ya ukungu ni sifuri. Hakuna anayeumia, Maduhu. Umewaponya."

"Hawajapona, wameondolewa kilango!"

"Sasa mwambie Mizani hivyo."

"Na namba yangu? Nimeandika elfu na mia sita."

"Mara ya kwanza uliandika elfu na mia sita, yakaondoka malalamiko ya watu arobaini na mmoja. Imelinganisha. Imeona unaongeza chumvi." Akanionyesha mstari mdogo chini ya jina langu. Tangu siku ile kila namba niliyoandika ilikuwa inagawanywa kwa thelathini na tisa kabla ya kupimwa.

Nikaandika kadi mpya. Rudisha kilango cha maji, Toleo la Pili. Wanaoumia: hapo nikakwama, kwa sababu alikuwa hajazama mtu. Niliandika wote walioko mtoni, mia tisa. Ikagawanywa. Ikatafuta malalamiko ya kuzama, haikuyapata. Aliyezama na mapafu yale halalamiki. Kadi ikakaa nafasi ya elfu mbili mia saba na kitu.

"Andika wewe," nikamwambia Tusekile. "Jina lako ni safi."

"Sina mapafu ya mashine. Sheria hairuhusu."

"Basi tuwatumie ujumbe. Watoke mtoni."

"Ujumbe kwenda kwa watumiaji ni badiliko," akasema polepole, kama mtu anayesoma kitu asichotaka kusoma. "Ni kadi."

Nilipanda ghorofa ya juu kwa mkurugenzi. Alinisikiliza kwa adabu, akaniuliza kama kuna aliyekufa. Nikasema bado. Akaniambia njia iko wazi, foleni haibagui, na akanishukuru kwa moyo wangu.

*

Nikampigia Lukelo nikamweleza yote. Nilitegemea atanitukana. Alinyamaza, na nikashtuka kwamba nimeanza kuhesabu tena, wakati kilango hakikuwepo.

"Yaani mimi napumua pumzi ya mtu wa mtoni," akasema.

"Si hivyo."

"Ni hivyo. Warudishie."

"Nikiwarudishia, wewe..."

"Nimekuuliza mimi? Warudishie."

"Siwezi, Lukelo. Haiingii."

"Ulikiondoaje?"

"Nilidanganya."

"Danganya tena."

"Nimedanganya tena. Haikubali. Siaminiki."

Nikamsikia anatema mate chini.

"Mashine imekujua ndani ya mwezi mmoja," akasema. "Mimi ilinichukua miaka kumi na moja."

Halafu akafanya kitu ambacho kiwanda kizima hakikuweza. Akaanza kupiga simu. Wachimbaji wa zamani wanajuana, huyu ana namba ya yule. Alipiga yeye, akampa mkewe simu yake apige, akawapa majina wengine wa Makete wapige. Siku tano walifikia watu mia tatu na kumi. Alinipa nizungumze na mmoja ambaye alikuwa haelewi, mwanamke anaitwa Sayi Kulwa, yuko mtoni, nasikia maji na karai linasugua kokoto.

"Mama, kilango chako cha maji hakifanyi kazi," nikamwambia. "Toka mtoni."

"Mpaka lini?"

"Sijui."

"Wewe ni wa kiwandani?"

"Ndiyo."

"Na hujui?"

"Sijui, mama."

"Nikitoka mtoni nakula nini? Utaniletea wewe?" Hakuwa amekasirika, aliuliza tu. "Nitasimama kwenye kina kifupi. Asante kaka kwa kunijulisha."

Kati ya wale mia tatu na kumi, waliotoka mtoni Lukelo aliwahesabu. Walikuwa ishirini na sita.

*

Wa kwanza alizama tarehe ishirini na tano Juni, sisi tukiwa hatujajua. Zahanati iliandika kuzama, na kuzama mtoni ni kifo cha mto, si cha mapafu. Ili kiwe cha mapafu lazima yatolewe kifuani, yafungwe kwenye sanduku, yasafirishwe hadi Dodoma, yasomwe. Familia ya yule wa kwanza ilikataa asipasuliwe. Ya wa pili pia, na sina wa kumlaumu. Ya wa tatu ilikubali. Sanduku lilifika likasubiri zamu ya kusomwa, maana hata meza ya kusomea ina foleni yake.

Jibu lilitoka tarehe kumi na mbili Julai. Kilango hakikufunga. Kifo kimethibitishwa, ndani ya siku thelathini. Kadi nyekundu.

Tusekile alinisogezea niweke saini. Kadi nyekundu hairuki bila saini ya mwandishi.

"Iingize pamoja na kile cha kwanza na cha pili," nikasema. "Irudi na akili."

"Nyekundu inarudisha tu, haijengi. Inakirudisha kilango kama kilivyokuwa."

"Makete bado ni Julai, Tusekile. Ukungu mpaka Septemba."

"Najua kalenda," akasema. Macho yake yalikuwa mekundu. "Weka saini au usiweke. Mimi sitakwambia."

Nikatoka nje nikampigia Lukelo.

"Imepita," nikamwambia. "Siku kumi za kupima, halafu kilango kinarudi. Kinarudi vilevile. Shuka huko, Lukelo. Shuka Usangu kwenye joto, kaa mpaka Septemba, nitakutafutia pa kukaa."

"Na viazi nani atang'oa?"

"Viazi!"

"Wewe unaongea kama mtu asiyekula. Nimekopa mbolea, nimeajiri watu, viazi viko chini ya ardhi vinanisubiri. Nitatoka jua likishapanda. Nitafunga kitambaa puani. Sasa unanipigia uniombe ruhusa, au unaniaga?"

"Nakuambia tu."

"Basi umeniambia. Saini, bwana."

Nikarudi ndani nikaweka saini.

*

Kilango kilirudi tarehe ishirini na mbili Julai, saa kumi na mbili asubuhi. Kilikuwa kimekosekana siku thelathini na sita. Kazi yenyewe ilichukua kiti kimoja.

Waliozama mtoni ndani ya siku hizo ni sita. Gervas Mwashambwa, miaka arobaini na nane. Ndugu wawili wa baba mmoja, Jilala na Masunga, mmoja aliingia kumtoa mwenzake. Sayi Kulwa, miaka thelathini na tisa, maji yalikuwa ya magoti, alianguka kifudifudi na karai. Mzee Abeli Syukuru, sabini na moja. Wa sita jina lake hatulijui; namba ya mapafu yake ilisajiliwa kwa mtu mwingine, ambaye tulimpigia akasema aliyauza.

Kule Makete, kuanzia tarehe ishirini na mbili Julai hadi ukungu ulipoisha, wamekufa wawili. Bibi mmoja wa Kitulo, Atuganile Sanga, mlangoni kwake. Na Lukelo Tweve, tarehe tatu Agosti, saa mbili asubuhi, shambani, kitambaa kikiwa puani. Mama Tunu alimpiga mgongo hadi wafanyakazi wakamwondoa. Alikuwa amebakiza matuta kumi na manne.

Mtoni sita, Makete wawili. Wanane.